Waifai Inayokatika kwenye Laptopu ya Linux: Mwongozo Kamili, kwa Macho ya Lamu

Mtandao ukikatika, mtumiaji huona kitu kimoja tu: ukurasa unazunguka na haufunguki. Nyuma yake huwa kuna mojawapo ya hitilafu nne. Laptopu imepoteza ruta. Au imeishika ruta lakini haikupewa anwani ya IP. Au anwani ipo ila ruta yenyewe haifiki nje. Au njia yote ni nzima ila majina ya tovuti hayageuzwi kuwa anwani. Dawa ya moja haitibu nyingine. Ndiyo maana nasisitiza: usiguse mpangilio wowote kabla hujajua kilichokatika ni kipi, na kilikatika saa ngapi. Nimeona watu wakifuta Linux nzima na kuiweka upya, kumbe kilichowasumbua ni ukuta wa matumbawe kati ya chumba chao na ruta. Nimeona pia ruta nzima ikitupwa kwa kosa la laptopu iliyokuwa ikisinzia.

Amri zilizo hapa zinafanya kazi kwenye Ubuntu, Debian na Fedora za siku hizi, ambazo kwa kawaida husimamia mtandao kwa programu iitwayo NetworkManager. Mifano ya majengo, unyevu na umeme ni ya Lamu, kwa sababu huku mambo hayo yana uzito sawa na programu. Kuwa na daftari karibu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha subiri muda mrefu kuliko ule ambao waifai yako imezoea kukatika. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na tatizo likaisha, hutajua kilichokuponya, na likirudi utaanza upya.

Hatua ya kwanza: kipi kimekatika?

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uangalie jina la kadi yako ya waifai na anwani ya ruta:

```
nmcli device status
ip route
```

Amri ya kwanza itakuonyesha jina kama `wlp2s0` au `wlan0`. Mimi nitatumia `wlp2s0`; wewe weka la kwako. Ya pili itakuwa na mstari unaoanza na `default via`, ukifuatwa na anwani ya ruta, kwa mfano 192.168.1.1.

Sasa fungua terminali mbili. Katika ya kwanza ipigie hodi ruta, katika ya pili kipigie kituo cha nje, huku kila mstari ukiandikwa saa yake:

```
ping -O 192.168.1.1 | while read m; do echo "$(date +%T) $m"; done
ping -O 1.1.1.1 | while read m; do echo "$(date +%T) $m"; done
```

Ziache zikitembea na wewe endelea na kazi zako. Mtandao ukikatika, zitazame zote mbili.

Mistari ya `no answer yet` nayo ihesabu kuwa ni kunyamaza. Zikinyamaza zote, kiungo kati ya laptopu na ruta ndicho kilichokatika, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni yako. Ikinyamaza ya nje peke yake, laptopu haina hatia: ruta haina mtandao, iwe ni ya laini ya simu au inapokea kutoka antena iliyo juu ya paa. Hakikisha kwa simu iliyoshika waifai hiyohiyo, kisha mpigie mtoa huduma ukiwa na saa mkononi. Zikiendelea zote mbili bila kukosa na bado kurasa hazifunguki, jaribu hii:

```
getent hosts sw.wikipedia.org
```

Isipotoa kitu, majina ndiyo hayageuzwi. Ipe laptopu seva nyingine za majina:

```
nmcli connection modify "Nyumbani" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli connection up "Nyumbani"
```

"Nyumbani" ni jina la muunganisho wako kama linavyoonekana ukiandika `nmcli connection show`. Usifanye hivi kwenye waifai ya nyumba ya wageni au mkahawa inayokutaka kwanza ujaze ukurasa wa kuingia, kwa sababu ukurasa ule mara nyingi hutegemea seva ya majina ya pale pale, na utajifungia mlango mwenyewe.

Kabla ya kusonga mbele, chunguza umeme. Ukipepesa kwa sekunde moja tu, laptopu yenye betri haina habari, lakini ruta inazimika na kuwaka upya, na itachukua dakika kadhaa kurudi hewani. Kwa aliyeketi mbele ya laptopu, hiyo ni waifai iliyokatika bila sababu. Ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari, utafute mahali panapoonyesha imewaka kwa muda gani. Ikiwa imewaka dakika kumi zilizopita na hukuizima wewe, acha laptopu. Tafuta ile betri ndogo ya ruta inayokaa kati ya chaja na ruta. Hakikisha volti zake ni zilezile zilizoandikwa kwenye chaja, mara nyingi 12 au 9.

Hatua ya pili: soma kumbukumbu za mfumo

Linux huandika kila kitu, na dakika ile waifai ilipoanguka imeandikwa. Angalizo moja kwa sisi tunaohesabu saa za Kiswahili: ukiandika daftarini "saa nane na dakika ishirini mchana", kwenye kompyuta tafuta 14:20. Rahisi zaidi ni kunakili saa kama inavyoonekana kwenye skrini.

```
sudo journalctl --since "14:18" --until "14:25"
```

Ukitaka kuona mambo yakitokea papo hapo, tumia `sudo journalctl -f`, na ukitaka ya kerneli (kiini cha Linux) peke yake tangu kuwasha mashine, `sudo journalctl -k -b`. Mistari ni mingi. Inayokuhusu ni yenye jina la kadi yako, au maneno `wpa_supplicant`, `NetworkManager`, `iwlwifi`, `rtw`, `ath` na `firmware`. Hizi ndizo ninazozikuta mara nyingi.

`Reason: 4=DISASSOC_DUE_TO_INACTIVITY`. Ruta imekutoa kwa kuwa umenyamaza mno. Shuku usingizi wa kadi, uende hatua ya nne moja kwa moja.

`CTRL-EVENT-BEACON-LOSS`. Ruta hujitangaza takriban mara kumi kwa sekunde, na laptopu imeacha kuusikia mwito huo. Hapo fikiria kuta, umbali, au makelele ya mawimbi mengine.

`Reason: 15=4WAY_HANDSHAKE_TIMEOUT`. Kubadilishana funguo hakukukamilika. Kama nenosiri ni lilelile la jana, usilihangaikie. Mawimbi hafifu huzaa ujumbe huu pia.

`by local choice (Reason: 3=DEAUTH_LEAVING)`. Laptopu imeondoka kwa hiari yake. Soma mistari iliyotangulia: huenda ilihamia ruta nyingine yenye jina lilelile, huenda iliamriwa kulala, au kuna programu mbili zinazogombea kadi moja.

`Microcode SW error detected`. Hii ni ya kadi za Intel. Femwea, yaani ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, imeanguka. Nenda hatua ya tano.

Kuna mmoja unaowatia watu hofu bure: `Direct firmware load ... failed with error -2`. Kadi za Intel hutafuta kwanza faili la toleo jipya kabisa, na zikilikosa hushuka kwa la zamani kidogo. Ukiona chini yake `loaded firmware version`, hakuna shida. Usipouona, ndipo faili linakosekana kweli.

Angalia pia mpangilio wa saa. Inayokatika kila baada ya saa moja kamili, kwa dakika ileile, hunifanya nishuku ubadilishaji wa ufunguo wa pamoja wa ruta, ambao kwenye ruta nyingi umewekwa sekunde 3600. Uongeze kwenye ukurasa wa ruta na uone kama mkatiko unahama pamoja nao.

Hatua ya tatu: nyumba yenyewe

Hapa ndipo nitakapokaa kitako, maana katika Mji Mkongwe wa Lamu nyumba ni nusu ya kesi. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko za matofali. Dari ni boriti za mikoko zilizobeba tabaka la mawe na chokaa. Vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: ukitoka daka (baraza ya mlangoni) unaingia kiwanda (ua wa ndani ulio wazi juu), kisha kumbi mbili, msana wa tini na msana wa yuu, halafu chumba kiitwacho ndani. Anayelala ndani huku ruta ikiwa mlangoni ana kuta tatu au nne mbele yake. Na ukuta ulionyonya maji ya masika humeza mawimbi zaidi kuliko ulivyokuwa wakati wa kaskazi, kwa hiyo waifai iliyotosha mwezi wa Januari inaweza kushindwa mwezi wa Mei bila mtu kugusa kitu.

Pima. Amri ni hii:

```
watch -n 1 iw dev wlp2s0 link
```

Tembea na laptopu chumba hadi chumba, ukitazama mstari wa `signal`. Namba ni hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo bora. Kati ya -40 na -60 dBm uko pazuri. Hadi -67 utapiga hata simu za video bila tabu. Ukipita -70 makosa yanaanza, na -80 ni kushikilia uzi. Andika namba ya kila chumba.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Mkomani aliwahi kuniambia, "Mwanangu, hii kompyuta ikiadhiniwa Magharibi tu, mtandao wake hufa." Nikamuuliza, "Mama, mchana huifanyia kazi wapi?" Mchana alikuwa kiwandani, kwenye hewa. Jioni alihamia ndani na mahesabu yake. Kiwandani kipimo kilikuwa -52, ndani -79. Saa haikuwa na lawama.

Ruta nyingi za siku hizi hutoa masafa mawili kwa jina moja: GHz 2.4 na GHz 5. Ya 5 ni ya kasi lakini kuta huichosha upesi. Kwenye nyumba ya mawe laptopu huisikia kwa mbali, huifuata, huipoteza, hurudi 2.4, kisha huifuata tena. Kwa mtumiaji huo ni mkatiko wa kila dakika chache. Funga laptopu kwenye 2.4:

```
nmcli connection modify "Nyumbani" 802-11-wireless.band bg
nmcli connection up "Nyumbani"
```

Ukikaa chumba kimoja na ruta, weka `a` badala ya `bg` ubaki kwenye 5. Kurudisha uhuru, weka `""`. Kama nyumba ina ruta mbili zenye jina moja na laptopu haitulii kati yao, ifunge kwenye moja kwa anwani yake (BSSID, utakayoiona kwenye orodha ya `nmcli device wifi list`):

```
nmcli connection modify "Nyumbani" 802-11-wireless.bssid AA:BB:CC:DD:EE:FF
```

Hii ina faida ya pili: NetworkManager huacha kupekua hewa kila mara ikitafuta pa kuhamia, na upekuzi huo kwenye kadi dhaifu huleta vikwazo vidogovidogo.

Ruta iwekwe wapi? Kamwe isiwekwe ndani ya kidaka cha ukutani, hata kama inapendeza na waya hauonekani. Ikiwa humo, imezungukwa na mawe pande karibu zote. Isikae nyuma ya friji, wala chini ya tangi la maji. Mahali ninapopapenda ni ukumbi unaotazama kiwanda, juu, pasipofikiwa na mvua, kwa sababu kiwanda kiko wazi na mawimbi hupanda kwa hewa hadi ghorofani bila kupenya dari. Pa pili kwa ubora ni mstari mmoja na milango, ili yapite mlango hadi mlango.

Bado ndani hakufikiki? Vuta waya wa Ethernet hadi huko na uweke ruta ya pili ikiwa kituo cha kurushia tu. Waya huo hufanya kazi hadi mita 100, na unaweza kuupitisha kiwandani na milangoni. Vile visambazaji vya bei nafuu vinavyodaka waifai na kuirusha tena sivipendekezi kwenye nyumba za mawe: vikiwekwa mahali mawimbi ni mabovu, vinasambaza ubovu. Na tafadhali usiharakishe kutoboa. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na ukuta wa chokaa uliopasuliwa kwa drili hauzibwi kwa saruji ukarudi kama ulivyokuwa.

Kisha angalia majirani:

```
nmcli -f SSID,BSSID,CHAN,SIGNAL device wifi list
```

Langoni, ambako maduka, ofisi na nyumba za wageni vimebanana, utaona orodha ndefu. Kwenye 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Chagua kati ya hizo ile yenye wachache au wenye nguvu ndogo, uiweke kwenye ruta badala ya kuiachia ijichagulie. Usiweke 3 au 9 kwa kudhani umekimbia msongamano. Utaingiliana na pande mbili.

Chaneli 12 na 13 ziepuke, hasa ukipokea wageni. Laptopu iliyowekwa kanuni za Marekani haitaiona kabisa ruta iliyoko huko. Angalia yako inafuata kanuni za nchi gani, kisha uiweke kwenye za Kenya (KE):

```
iw reg get
sudo iw reg set KE
```

Ikisoma `country 00`, iko kwenye kanuni za tahadhari zinazobana chaneli kadhaa. Kuna kadi, hasa za Intel, zinazojisimamia zenyewe katika jambo hili na hazitakusikiliza. Na kwenye GHz 5, ruta ikiwa kati ya chaneli 52 na 144 inalazimika kuhama ikisikia rada, na wote waliounganishwa huachwa njiani. 36 hadi 48 hazina sharti hilo.

Hatua ya nne: kadi inayosinzia

Kama kipimo chako ni kizuri, tuseme -50, na bado inakatika, huyu ndiye mshukiwa wangu wa kwanza. Ili kuokoa betri, kadi hulala kwa vipande vidogo vya sekunde na kuamka kuuliza ruta kama kuna kitu chake. Kadi fulani zikikutana na ruta fulani hazielewani katika mazungumzo hayo. Dalili zake: inakatika ukiwa umetulia unasoma lakini si ukiwa unapakua faili, au iko sawa ikiwa kwenye chaja na inakatika ikiwa kwenye betri.

```
iw dev wlp2s0 get power_save
sudo iw dev wlp2s0 set power_save off
```

Fanya kazi nusu siku. Tatizo likitoweka, ufanye mpangilio huo uwe wa kudumu, kwani amri ile husahaulika ukiwasha upya. Tengeneza faili:

```
sudo nano /etc/NetworkManager/conf.d/zz-waifai.conf
```

Andika ndani yake mistari hii miwili, uhifadhi, kisha uanzishe upya NetworkManager:

```
[connection]
wifi.powersave = 2

sudo systemctl restart NetworkManager
```

(Mstari wa mwisho ni amri ya terminali, usiuingize kwenye faili.) Namba 2 maana yake ni kuzima usingizi, 3 ni kuuwasha. Ubuntu huja na faili lake lenye 3. Jina linaloanza na `zz` husomwa baadaye, kwa hiyo lako ndilo linaloshika. Kama umeweka TLP, programu ya kuokoa betri, nayo huwasha usingizi kila ukitoa chaja. Fungua `/etc/tlp.conf` uweke `WIFI_PWR_ON_BAT=off`.

Wanaotegemea sola, au wanaotoka na laptopu kwenda Shela au Matondoni kutwa nzima, hawatapenda betri iliwe kila mahali. Wanaweza kuuzima usingizi kwa muunganisho mmoja tu wenye matatizo:

```
nmcli connection modify "Nyumbani" 802-11-wireless.powersave 2
```

Hatua ya tano: draiva na femwea

Ijue kadi yako na draiva inayoiendesha:

```
lspci -nnk | grep -iA3 network
```

Kama huna mtandao wa kupakulia chochote, chomeka simu kwa waya wa USB na uiruhusu igawe mtandao kupitia waya huo. Linux huichukulia kama mtandao wa waya, bila draiva ya ziada. Hii imeniokoa kazi nyingi, na ningeanza nayo hata kabla ya kutafuta flashi.

Intel kwa kawaida ni watulivu. Sasisha femwea kwanza: kwenye Ubuntu kifurushi ni `linux-firmware`, kwenye Debian ni `firmware-iwlwifi`. Ikibaki kuanguka, ondoa uokoaji wa umeme ndani ya draiva yenyewe:

```
echo "options iwlmvm power_scheme=1" | sudo tee /etc/modprobe.d/iwlmvm.conf
```

Washa upya mashine. Utakutana na ushauri wa kuweka `11n_disable=1` kwenye `iwlwifi`. Unafanya kazi mara nyingine, lakini unairudisha kadi kwenye kasi ya zamani isiyozidi Mbps 54. Uwe wa mwisho kabisa, na ukiuweka, andika daftarini ili siku ukilalamikia kasi ukumbuke.

Realtek ndizo zinazojaa kwenye laptopu za bei nafuu, na RTL8821CE ni mfano unaojulikana kwa usumbufu. Tatizo mara nyingi ni usingizi wa aina mbili zaidi, mmoja wa kadi na mwingine wa njia ya PCI inayoiunganisha na mashine. Kwanza `lsmod | grep rtw` uone majina ya moduli (vipande vya draiva), kisha:

```
echo "options rtw88_pci disable_aspm=y" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtw88.conf
echo "options rtw88_core disable_lps_deep=y" | sudo tee -a /etc/modprobe.d/rtw88.conf
```

Uhakikishe majina ya vigezo kwa `modinfo -p rtw88_pci` na `modinfo -p rtw88_core`, maana moduli isiyo na kigezo ulichoandika itakipuuza na wewe utadhani umejaribu.

Broadcom, kama BCM43142, huhitaji draiva ya `wl`: `bcmwl-kernel-source` kwenye Ubuntu, `broadcom-sta-dkms` kwenye Debian. Draiva hiyo hujengwa upya kila kerneli inapobadilika. Waifai ikipotea kabisa baada ya sasisho, hapo ndipo pa kutazama.

Na kama ilikuwa nzima hadi juzi uliposasisha? Kwenye Ubuntu na Debian soma `/var/log/apt/history.log` uone kilichobadilika. Washa upya, kwenye menyu ya GRUB (ile inayotangulia Linux kuwaka) chagua chaguo za ziada, uingie kwa kerneli ya awali. Ikitulia siku nzima huko, umeshajua. Endelea kuitumia hadi sasisho lingine litoke.

Hatua ya sita: inayokufa baada ya kufunga kifuniko

Laptopu ikilala na kuamka, kadi nyingine haziamki nayo. Ijaribu kwa mkono, hapa kwa Intel:

```
sudo modprobe -r iwlmvm iwlwifi
sudo modprobe iwlwifi
```

Ikirudi, iachie mashine ifanye yenyewe. Tengeneza faili `/usr/lib/systemd/system-sleep/waifai` lenye haya:

```
#!/bin/sh
case "$1" in
  pre)  modprobe -r iwlmvm iwlwifi ;;
  post) modprobe iwlwifi ;;
esac
```

Kisha `sudo chmod +x /usr/lib/systemd/system-sleep/waifai`. Kwa kadi nyingine badilisha majina ya moduli kulingana na ulichokiona kwenye `lspci -nnk`.

Hatua ya saba: vidogo vya kupitia haraka

Hakikisha kadi haina mabwana wawili, yaani programu mbili zinazoiunganisha na waifai:

```
systemctl is-active wpa_supplicant iwd
```

Zikijibu `active` zote mbili, zima moja. Kwa wengi ni `sudo systemctl disable --now iwd`. Ruta ya zamani ikikataa kushikwa baada ya kuweka Linux mpya, jaribu `nmcli connection modify "Nyumbani" 802-11-wireless-security.pmf 1`, ambayo huzima ulinzi ambao ruta hizo hazikuuzoea. Spika ya Bluetooth hutumia GHz 2.4 ileile, kwa hiyo izime ujaribu. Diski ya nje ya USB 3.0 iliyokaa karibu na antena nayo hutoa makelele kwenye masafa hayo; isogeze kwa waya mrefu.

Hatua ya nane: chumvi na antena

Weka laptopu mita mbili kutoka kwenye ruta, bila ukuta kati. Kipimo kinapaswa kuwa karibu -40. Ukisoma -70 au mbaya zaidi hapo, hakuna amri itakayokusaidia: antena imelegea au imeliwa. Hewa ya pwani ina chumvi, na ndani ya laptopu kuna waya mbili nyembamba zinazobanwa juu ya kadi kwa vifungo vidogo vya shaba. Fundi azime mashine, atoe betri, afungue, asafishe vifungo na miguu ya kadi kwa spiriti ya isopropili na brashi laini, asubiri ikauke kabisa, abane upya hadi asikie vimeshika. Waifai inayokatika unapotikisa au kufungua kifuniko zaidi inaashiria waya uliokatika kwenye bawaba.

Ikibidi kununua kadi ya ndani, Intel AX210 inatumika kwenye laptopu nyingi zenye tundu la M.2, kwa kerneli 5.10 na kuendelea. Usichukuliwe na AX201 au AX211 zinazofanana nayo kwa umbo. Hizo hutegemea chipu za Intel za ubao maalumu na hazitaamka kwingine. Laptopu kadhaa za zamani pia hukataa kadi isiyo kwenye orodha ya mtengenezaji, kwa hiyo ulizia mfano wako kwanza.

Njia nyepesi zaidi ni adapta ya USB, na hapo chipu ni muhimu kuliko chapa iliyo kwenye boksi. Tafuta yenye MediaTek MT7612U, ambayo draiva yake iko ndani ya kerneli tangu 4.19, na uepuke zile zinazokuja na sidii ya Windows na ahadi ya draiva ya Linux ya kupakua. Nenda dukani na laptopu yako, mwombe muuzaji akuruhusu kuichomeka kabla ya kulipa, kisha andika `lsusb`. Ukiona `0e8d:7612` na `nmcli device status` ikaonyesha kadi ya pili ya waifai papo hapo, lipa.